Blanketi la Buluu

"Hili nalo silo," Nthatisi alisema, akalirudisha blanketi la nne kwenye kaunta.

Mumewe akacheka, kofia ya nyasi mkononi. "Mchagua jembe si mkulima, mama. Ungechagua mume hivyo, ungezeekea kwenu."

Nthatisi alikuwa akitafuta la buluu lenye michoro ya mahindi, kama lile aliloahidiwa usichanani na kijana aliyepanda treni kwenda migodini Johanesbagi, asirudi. Alimngoja vipupwe vitatu. Ndipo akaja huyu, na ng'ombe wa mahari wa kuazima, midomo imepasuka kwa baridi. Nthatisi akamtazama, akaona atafaa.

Mumewe akachukua la kijivu, akamvika. Akaligeuza mistari isimame wima, maana kwao husemwa ikilala huviza maisha. Akafunga pini shingoni, polepole, asimchome.

Akarudi nyuma, akamtazama.

"Si la buluu, najua," alisema. "Wala mimi sikuwa yeye. Twende duka la mjini, tutalipata."

Akanyoosha mkono aifungue pini.

Nthatisi akaudaka ule mkono, akaukandamiza palepale shingoni.

"Usiifungue, baba."