Hapana Mbili

Roslyn Feld aliandika HAPANA kwa mkono wa kushoto, ili hata mwandiko wake usimsute. Akakikunja kikaratasi mara mbili, akakitumbukiza ndani ya kopo la biskuti lililokuwa likizungushwa mezani, kisha akamgeukia rafiki yake Bernice na kumshika mkono kwa huruma.

Mzee Whitlock, mwenyekiti wa kamati ya jengo, akavaa miwani na kuzifungua kura. "Ndiyo tatu, hapana mbili," akasema. "Pole, Bernice. Mnunuzi wa nyumba yako amekataliwa."

Hapana mbili zilitosha. Ndivyo yalivyo majengo ya ushirika upande ule wa Park Avenue, New York: hununui kuta, unanunua hisa, na wenye hisa wenzako ndio wanaoamua kama unafaa kupanda nao lifti. Unaleta barua za kukusifu, unahojiwa kama mtu aliyekuja kuposa, halafu unakataliwa bila kuambiwa sababu. Kamati ilikuwa na watu watano, Bernice mwenyewe akiwemo, maana mwenye nyumba ya juu kabisa alikuwa na kiti chake tangu jengo lijengwe.

Huyo alikuwa mnunuzi wa tatu. Wa kwanza alikuwa na piano. Wa pili alikuwa na mbwa wawili wakubwa kama ndama. Huyu wa tatu, wakili, alikuja kwenye mahojiano amevaa viatu bila soksi. Roslyn hakuwa na ugomvi na soksi za mtu. Ugomvi wake ulikuwa na Phoenix, huko jangwani Arizona, ambako Gerald, mwana wa Bernice, alitaka kumhamishia mama yake. Gerald ndiye aliyeitangaza nyumba, Gerald ndiye aliyenunua masanduku ya safari. Naye Bernice hakuwahi kumkatalia mwanawe kitu tangu akiwa ananyonya.

Ile hapana ya pili Roslyn aliamini ni ya Whitlock, ambaye hakumpenda mtu yeyote aliyezaliwa baada yake. Kila mara aliishukuru kimoyomoyo, kisha akajichukia kwa kuishukuru.

Kwa miaka thelathini na moja, kila Jumapili asubuhi, Roslyn alipanda ngazi kutoka ghorofa ya kumi na tano hadi kwa Bernice. Walikula mkate na samaki wa moshi, wakacheza karata na kuwasengenya majirani. Waume zao walikufa mwaka mmoja. Bila Bernice, Roslyn angebaki na redio tu. Lakini je, hiyo ni sababu ya kumfungia mwenzako kama kuku bandani? Tangu kura ya kwanza, kila aliposikia Bernice akiburuta kiti huko juu, aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Huyu mnunuzi mpya, daktari wa macho, ni mtu wa watu," Bernice alisema Jumapili iliyofuata, akigawa karata. "Pillai. Barua zake zina sifa, we! Mpaka mwalimu wake wa chekechea kamwandikia."

"Na wewe unataka kwenda kweli?" Roslyn akauliza, macho kwenye karata zake.

"Nitake nisitake, mwenzangu? Wajukuu wananingoja. Chumba changu Gerald keshakipaka rangi." Bernice akacheka kidogo. "Ila kasema huyu naye akikataliwa, basi, yeye kachoka na wazee wa New York. Haitangazi tena nyumba. Nitabaki hapa hapa mpaka nitolewe kwa machela."

Sauti ilimkwama mwishoni, na Roslyn akahisi moyo unachomwa. Maskini, tazama anavyoogopa kufia mbali na wajukuu zake. Na mbaya wake ndiye huyu aliyekaa mbele yake, anamlia samaki.

"Cheza, bibi wee! Umeganda kama umeona mzuka."

Roslyn alitaka kukiri pale pale. Alifungua mdomo, akaishia kuutia mkate.

Alhamisi saa kumi jioni daktari Pillai alihojiwa sebuleni kwa Whitlock. Walipomuuliza kuhusu kelele, alisema mkewe huimba bafuni, lakini kwa bahati nzuri huimba vizuri. Wote walicheka, isipokuwa Bernice aliyekuwa akitazama dirishani. Daktari alipotoka, kopo likaanza kuzunguka.

Safari hii Roslyn alishika kalamu kwa mkono wa kulia. Aliandika NDIYO kwa herufi kubwa, machozi yakimlengalenga. Aende. Aende akaote jua na wajukuu zake. Kikaratasi kilipoanguka ndani ya kopo alihisi ametua mzigo wa miezi minane, na akajiona mtu tena.

"Ndiyo nne," Whitlock akasoma. "Hapana moja. Moja haitoshi. Hongera, Bernice, umeuza!"

Makofi yakapigwa. Roslyn akamtupia mwenyekiti jicho la dharau. Hata leo mzee huyu kakaza roho! Lakini Whitlock alikuwa ameinama, anambusu Bernice shavuni. "Afadhali," alisema. "Mara nne nzima nimeandika ndiyo, nilishakata tamaa."

Bernice hakuinuka. Aliunyosha mkono chini ya meza, akaushika wa Roslyn, na vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Zile hapana mbili, Roz," akanong'ona. "Moja ilikuwa yangu. Ya pili nilijua ni yako, nikakutegemea."