Shati la Ubatizo

Bibi yangu Serame alinisimulia haya mwaka wa nzige, tukipepeta mtama. Yalipotokea, yeye alikuwa mtoto wa mgongoni.

Shati jeupe lilimkaa Mokgalo, baba yake bibi, sawasawa. Mikono iliishia kwenye vifundo, mabega hayakuvuta. Nalo lilikuwa limeshashonwa, limekunjwa sandukuni, asubuhi ile alipofika kwa Mchungaji Lomas kusema anataka kubatizwa.

"Mungu anajua vipimo vya watu wake," alisema Mchungaji, machozi yakimlengalenga. Miaka saba alikuwa amehubiri pale bila kumpata hata mmoja.

Mokgalo aliinamisha uso. Hakuja kwa imani. Alitumwa na chifu.

"Mzungu amechoka kuhubiria mbuzi," chifu alikuwa amemwambia jana yake, zizini, mbele ya watu. "Siku atakayofunga gari lake akaondoka, Makaburu, wanaomchelea yeye tu, wanaingia hapa na bunduki. Nenda ukabatizwe."

"Mimi, chifu wangu? Mwenye wake wawili? Si umtume Seleka! Yule hata mmoja hana, na kwa kicheko chake kile cha fisi hatampata."

Watu wakaangua kicheko. Chifu hakucheka. Alikuwa anatazama ng'ombe.

"Nimesema wewe."

Sharti la Mchungaji lilikuwa moja: mke mmoja. Basi Mokgalo akamrudisha kwao MmaSerame, mama yake bibi, mke mdogo, aliyempenda kuliko macho yake. Mwendo wa siku tatu kwa miguu, mtoto mgongoni. Mama yule hakulia. Aligeuka mlangoni akauliza:

"Huyo Mungu wako ana nyumba ngapi, hata akaitaka na yangu?"

Mokgalo alilivaa lile shati kila Jumapili mpaka likachakaa. Kengele ikaletwa kutoka Ulaya, kisha vioo vya madirisha. Alipougua tumbo, Mchungaji alikaa naye siku tisa akimlisha uji kwa kijiko. Mwaka wa nne, akichunga peke yake, Mokgalo akajikuta anasali, na safari hii hakutumwa na mtu. Tangu siku hiyo ule uongo ukamkwama kooni kama mfupa.

Akaumeza miaka ishirini. Mpaka mchana mmoja, Mchungaji akiwa kitandani, miguu imevimba, hata kuketi hawezi, Mokgalo akapiga magoti.

"Baba Mchungaji, nisamehe kabla hujaenda. Sikuja kwako kwa imani. Chifu alinituma ili usituhame. Nimekudanganya miaka yote hii. Hata MmaSerame na mwanangu niliwafukuza kwa ajili ya uongo."

Mchungaji akampapasa kichwa.

"Nyamaza, ndugu yangu. Hukunidanganya. Wakubwa wangu waliniandikia kwamba nisipopata muumini mwaka ule, nirudi nyumbani. Nikamwendea chifu, nikamwomba mtu mmoja tu."

Mokgalo akainua kichwa.

"Akanichagua mimi."

"Hapana, nilikuchagua mimi. Nilitaka mwenye wake wawili, amwache mmoja. Barua niliyowaandikia wakubwa ilipendeza sana."

Akavuta blanketi, akageukia ukutani, akalala usingizi mtulivu kabisa.