Bei Imepanda, Kiti Kimeshuka

Fundi bomba alikuwa ameshika kalamu ya muuzaji wa magari, tayari kutia saini na kubadilisha gari lake la spoti kwa hili jipya, ghali mara mbili.

"Ingia, mama, ujaribu kiti."

Mama yake aliinama, akajiachia, akazama karibu na ardhi. Magoti yakabaki juu, meusi, magumu kama soli. Yalikuwa yamesugua sakafu za matajiri miaka thelathini, na hakuna tajiri hata mmoja aliyewahi kuyajulia hali.

"Mwanangu, bei imepanda, kiti kimeshuka? Lile la zamani naingia na kutoka mwenyewe."

Muuzaji akacheka. "Utazoea, bibi."

"Kushuka nilishazoea, baba. Kuinuka ndiko kunakonishinda."

Kumwinua kulihitaji mikono yote miwili ya mwanawe. Fundi akamrudishia muuzaji kalamu yake.