Uzi wa Jibini

Lony alishindwa kusubiri. Makaroni yalikuwa yametoka kwenye oveni sasa hivi, jibini ikichemka juu ya nyanya na nyama ya kusaga. Akachota pembeni, pale palipoiva hadi kuwa kahawia, akatia mdomoni.

Mlango ukafunguliwa.

Alidhani ni mkewe anarudi na soda. Kumbe alikuwa mama mkwe, mzigo bado kichwani, yeye waliyemtarajia kesho. Makaroni haya yalikuwa ya kujaribu tu. Kesho angeyapika tena, na mkewe angedai amepika mwenyewe.

Kwa Wanuer, kabila lake la Sudan Kusini, mwanamume hali chakula mbele ya mama mkwe wake. Lony alikulia Eldoret, lakini hilo alilijua. Hata siku ya harusi alijificha na sahani yake nyuma ya hema.

Alipaswa kukimbia. Lakini uzi wa jibini ulitoka mdomoni mwake hadi kwenye trei. Akarudi nyuma, ukarefuka. Akaupangusa, ukamganda kidevuni, kisha kwenye aproni ya mkewe aliyokuwa ameivaa. Ulimi uliungua, na hakuthubutu kutafuna wala kutema.

Mama akafunika uso kwa kanga, akageuka, akatoka upesi, kana kwamba aliyekosa ni yeye.

Lango la nje likalia. Mkewe alikuwa amefika. Kisha Lony akasikia sauti ya mama dirishani, ya upole, bila hasira yoyote.

"Mwanangu, muulize mumeo kama amemaliza kula. Huku nje jua ni kali."