Mkono wa Kushoto

Nilipovuta kitambaa kilichofunika picha ya mwisho katika jumba la sanaa ninalolinda, kaka yangu alinikodolea macho.

Tulimzika miaka tisa iliyopita. Lori lake liliungua, na jeneza tuliletewa likiwa limeshapigwa misumari. Huyu wa ukutani alikuwa na mvi. Kaka alituacha bila unywele hata mmoja mweupe.

Nikajiambia ni mtu anayefanana naye tu. Kisha nikauona mkono wa kushoto. Kidole cha mwisho kilikuwa nusu, hakina ukucha, kimepinda kwa ndani. Mimi ndiye niliyekikata, utotoni, kwa mnyororo wa baiskeli.

"Afande, mbona umeganda?" Mchoraji alikuwa nyuma yangu, anacheka. "Huyo nimemchora mwezi uliopita. Alichoomba ni kualikwa leo tu."

"Yuko wapi?"

"Si yuko huko nje, kwenye foleni!"

Nikakimbilia dirishani. Jiji zima lilikuwa kwenye tamasha la sanaa, na jumba letu lilikuwa halijafungua milango. Foleni ilifika barabarani.

Nilimwona mke wangu kwanza, kwa gauni lake la njano, mtoto wetu mgongoni. Kabla hajawa mke wangu, alikuwa shemeji yangu.

Kiatu cha mtoto kikadondoka. Mwanamume mwenye mvi aliyesimama nyuma yao akainama, akakiokota kwa mkono wa kushoto.

Mke wangu akaanza kugeuka, aseme asante.