Dawa Mdomoni

Kaka alipewa dawa ya kuacha unga wa kulevya kwenye dirisha la kliniki, mbele ya nesi. Utaratibu wao ni kwamba ukishameza lazima uongee, wajue hukuificha mdomoni.

"Haya bosi, tupe hotuba," nesi alimtania.

Kaka alinyamaza, mashavu yamejaa. Alikuwa amemwona askari nyuma yangu, yule yule aliyemvunja vidole mwaka jana alipomkamata na kete moja ya unga.

"Walituahidi hapa hawakamati mtu," nilimnong'oneza. "Meza, kaka yangu. Ukitema watakufuta kwenye orodha."

Alinishika mkono. Vidole viwili havikukunjika.

Askari akasogea, akavua kofia. Jasho lilimtoka, kamasi zikimchuruzika kama mtoto.

"Dada," akaniuliza kwa sauti ndogo, "foleni ya dawa ndiyo hii?"