Nguchiro Amchagua Mrushaji

Hebu mwone Nguchiro, kocha wa timu iliyoburuta mkia, amesimama juu ya kichuguu mbele ya wanyama wote. Desturi yao ni kwamba timu ya mwisho ndiyo huchagua mchezaji mpya kwanza, naye anatafuta mrushaji wa mpira. Akikosea safari hii, atafukuzwa.

Nyani alikuwa ameurusha mpira ukavuka mto, na Nguchiro alikuwa karibu kumtaja. Ndipo Fisi, kocha wa timu pinzani, alipoangua kilio.

"Ndugu yangu, chukua yeyote, ila niachie Twiga! Shingo ile huona uwanja mzima!"

"Ng'o! Twiga ni wangu!" akasema Nguchiro.

Fisi akafuta machozi upesi, akamchukua Nyani.

Siku ya mechi mpira ulimfikia Twiga, ukatulia miguuni pake.

"Kocha, namwona mwenzetu kule mbele, yuko peke yake kabisa!"

"Basi mrushie!"

"Kwa mkono upi, kocha? Mimi nina miguu tu."

Nguchiro akaivua filimbi yake, akaenda zake nyumbani.

Nakuomba, mwanangu, ukumbuke hili moja: unapochagua, mtazame unayemchagua, usimtazame anayemlilia.